Kamba Hukatikia Pembamba: Historia ya Waya Unaobeba Amri

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Msemo huu tumeukariri tangu shule ya msingi, tukauandikia insha, tukapata maksi zetu, tukausahau. Lakini ipo kamba moja ambayo historia yake inaueleza msemo huo vizuri kuliko insha zetu zote. Ni ule waya unaoanzia kwenye mkono wa nahodha wa mashua, ukapita gizani chini ya sakafu, ukaenda kuiambia injini: nenda, rudi, punguza, tulia.

Ndugu msomaji, usifunue ukurasa mwingine ukidhani haya ni mambo ya mafundi peke yao. Waya huu unaujua. Umo kwenye klachi ya pikipiki, umo kwenye breki za baiskeli nyingi za siku hizi. Dereva wa bodaboda ambaye waya wake wa klachi umewahi kumkatikia katikati ya barabara hana haja ya kufundishwa somo hili. Injini inanguruma, matairi mazima, mafuta yamo, akili zake timamu, lakini amri yake haifiki. Kwa dakika ile yeye si dereva tena, ni abiria aliyekaa mbele.

Vitabu vya historia vimejaa habari za injini na habari za manahodha. Nani aliboresha mashine ya mvuke, nani alishinda vita gani baharini, haya tunayajua. Kile kilicho katikati, kinachounganisha mkono na mashine, hakina ukurasa wake. Hoja yangu katika makala haya ni moja tu: kadiri mashine zilivyozidi kupata nguvu, ndivyo maisha ya watu yalivyozidi kuning'inia kwenye kiungo wasichokiona, na mara nyingi kiungo hicho kimekumbukwa baada ya maiti kuhesabiwa.

KUTOKA KANA HADI GURUDUMU

Hapo zamani mambo yalikuwa mafupi. Mwenye mashua alishika kana, yaani ule mti uliofungwa kwenye kichwa cha usukani, akasukuma huku au kule. Bahari ikiupiga usukani, yeye anaisikia begani. Wavuvi wetu wa pwani wanalijua jambo hili bila kitabu. Kati ya mkono na maji hapakuwa na kitu cha kukatika ila mti wenyewe, na mti unauona kwa macho yako.

Shida ilikuja meli zilipokuwa ndefu na za madaraja mengi. Kana ilibaki chini kabisa, nahodha yuko juu, hawaonani. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 meli za kivita za Uingereza zikaanza kutumia gurudumu. Gurudumu lilizungusha gogo, gogo likazungusha kamba, kamba ikateremka kupitia kapi mpaka kwenye kana. Watu wachache waliosimama juu wakaweza kuugeuza usukani mzito kwa raha. Lakini angalia kilichotokea hapo. Raha imeongezeka, na kamba imeingia katikati. Tangu siku hiyo anayeshika gurudumu hashiki usukani. Anashika ahadi ya kamba.

Gharama yake ilionekana tarehe 21 Oktoba 1805, kwenye vita vya Trafalgar. Gurudumu la Victory, meli ya Admeri Nelson, lilisambaratishwa na risasi za mizinga ya adui. Ikabidi wanamaji washuke chini na kuikamata kana yenyewe, na kazi hiyo ikahitaji watu wapatao 40. Kumbe jitu lile lililokuwa likigeuzwa na watu wachache, likinyang'anywa gurudumu na kamba zake, linataka kikosi kizima! Hata hivyo Victory ilikuwa na bahati. Ilikuwa na mamia ya watu ndani, na haikuwa na injini ya kuisukuma mbele bila ridhaa yao.

USIKU WA LEXINGTON

Injini ilipoingia melini, mambo yakageuka. Meli ya tanga ikikosa mwongozo, waweza kushusha matanga au kukata kamba zake. Meli ya moshi ikikosa mwongozo inaendelea kwenda.

Jioni ya tarehe 13 Januari 1840, meli ya mvuke iitwayo Lexington iliondoka New York kuelekea Stonington, katika jimbo la Connecticut. Ilikuwa meli ya mbao yenye magurudumu ya kupigia maji ubavuni, iliyojengwa mwaka 1835 kwa ajili ya tajiri Cornelius Vanderbilt, ambaye kufikia usiku huo alikwisha iuza. Sifa yake kubwa ilikuwa mbio. Juu ya daraja yake walikuwa wamepanga marobota ya pamba karibu na bomba la moshi. Baridi ilikuwa kali mno, kipupwe cha huko kwao ambacho maji hugeuka barafu.

Mnamo saa moja na nusu usiku moto ukashika mbao kuzunguka bomba la moshi, ukaruka kwenye pamba. Rubani, Stephen Manchester, akaigeuza meli kuelekea pwani ya Long Island ili aipandishe ufukoni watu wateremke. Ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini moto ukaila kamba iliyounganisha gurudumu na usukani. Kamba ikaachia. Gurudumu likawa linazunguka mikononi bila kumwambia yeyote kitu.

Sasa hapo ndipo msiba wenyewe ulipo. Usukani umekwenda, lakini injini haikujua. Moto ulikuwa umewazuia mabaharia kufika kwenye mitambo kuizima. Meli ikaendelea kukimbia kwa nguvu zake zote, inawaka, haina anayeiongoza. Waliposhusha mashua za kuokolea watu wakati meli bado inakwenda, ya kwanza ilivutwa kwenye gurudumu la kupigia maji, na nyingine zikazama. Injini ilikuja kusimama yenyewe baadaye. Zaidi ya watu 130 walikufa, wengi kwa baridi ya maji. Walionusurika ni wanne tu: abiria mmoja, rubani Manchester, mchochea moto mmoja, na msaidizi wa pili wa nahodha, David Crowley, aliyeelea juu ya robota la pamba kwa saa 43.

Ukisoma habari hii utadhani basi ndipo serikali ya Marekani ikatunga sheria. La hasha! Sheria ilikuwapo tayari. Tarehe 7 Julai 1838, miezi kumi na minane kabla ya msiba, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya usalama wa meli za mvuke, na ndani yake mlikuwa na kifungu kinachotaka vyuma au minyororo itumike badala ya kamba za usukani. Waliotunga sheria walijua vizuri kwamba kamba huungua, na kwamba ikiungua rubani hana la kufanya. Lakini sheria ya kwenye karatasi ni kitu kimoja, na kinachopita chini ya sakafu ya meli ni kitu kingine. Nani atainua mbao kuangalia? Mwaka 1843 Bunge lenyewe likalilegeza sharti hilo, kamba zikaruhusiwa tena kwa masharti. Ilibidi kungoja mpaka sheria ya mwaka 1852 ndipo ukaguzi wa meli za mvuke utiliwe nguvu ya kweli, pamoja na leseni za marubani na mafundi mitambo.

CHUMA KINACHOPINDA

Tatizo la kamba lilihitaji kitu chenye nguvu ya chuma na ulaini wa kamba. Kitu hicho kilianzia ardhini. Mwaka 1834, kwenye machimbo ya Clausthal huko Ujerumani, ofisa wa migodi Wilhelm Albert alisokota nyaya za chuma zikawa kamba moja, kwa sababu minyororo ya kupandishia mawe ilikuwa ikikatika ghafla. Mnyororo hukatika pete moja ikiharibika, hautoi taarifa. Kamba ya waya ina nyuzi nyingi. Moja ikikatika nyingine zinashikilia, na fundi mwenye macho ataziona zile nyuzi zilizochomoza kabla mambo hayajaharibika.

Hatua ya pili ilikuja mwaka 1896, pale Ernest Monnington Bowden alipopata hataza nchini Uingereza. Wazo lake ni rahisi ukishaelezwa. Chukua waya mwembamba uliosokotwa, upitishe ndani ya ganda lililozungushwa kama springi iliyobana. Funga ncha mbili za ganda zisisogee. Sasa ukivuta waya huku, unavutika kule, hata njia ikiwa na kona tatu. Siri iko kwenye ganda. Waya unavutwa, ganda linabanwa, nguvu hizi mbili zinalingana, ndiyo maana waya unaweza kupinda na bado ukafanya kazi. Kabla ya hapo, amri ya mkono ikitaka kupiga kona ilihitaji kapi au bawaba. Baada ya hapo iliweza kupita kama nyoka.

Watu wengi wameipeleka sifa hii kwa Frank Bowden, mwenye kiwanda cha baiskeli za Raleigh huko Nottingham, kwa sababu ya kufanana majina. Ni watu wawili tofauti. Na hapa pana kichekesho kidogo: zile Raleigh nzito walizoendesha babu zetu Afrika Mashariki, zilizobeba mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa, nyingi zilikuwa na breki za vyuma vilivyonyooka, si za waya. Chuma kile hakina siri. Kikichakaa unakiona kuanzia kwenye usukani mpaka kwenye tairi. Waya wa Bowden ulileta wepesi, lakini ukaficha uchakavu ndani ya ganda.

FUNDI ALIYEACHISHWA KAZI

Kwenye meli kubwa za mvuke nahodha hakuigusa injini. Alizungusha mkono wa chombo cha shaba chenye uso kama wa saa, kimeandikwa mbele taratibu, mbele kasi, simama, nyuma. Kampuni ya Chadburn ya Liverpool ilijipatia jina kwa vyombo hivi. Waya na minyororo ilipeleka ishara chini, kengele ikalia, na huko chini kulikuwa na mtu. Fundi alisikia, akajibu kwa kuzungusha mkono wake, ndipo akaitii amri. Ishara isipofika, bado mtu angeweza kutumwa mbio ngazini. Katikati ya amri na injini alikuwapo binadamu mwenye masikio.

Sasa njoo kwenye mashua ndogo ya matanga yenye injini ya dizeli ya kuingilia bandarini. Haina nafasi ya fundi. Kazi yake yote imetiwa ndani ya nyaya mbili, mmoja wa gia na mmoja wa mafuta. Waya wa Bowden wa kawaida haukutosha hapa, kwa maana wenyewe unajua kuvuta tu, kurudi unarudishwa na springi. Gia inataka kuvutwa na kusukumwa. Ikatengenezwa kebo yenye kiini kigumu kinachokaa barabara ndani ya ganda lake, ambacho ukikisukuma hakijikunji. Teleflex, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1943, ilianza kwa kebo za namna hii za ndege za kivita, na baadaye ikawa moja ya majina makubwa katika vyombo vya majini.

Nyaya hizo zikahitaji mahali pa kutokea. Jacob Edson alianzisha kampuni yake huko Boston mwaka 1859 kwa kutengeneza pampu. Baadaye jina la Edson likajulikana kwa mitambo ya usukani wa majahazi ya wavuvi wa kaskazini mashariki ya Marekani, na hatimaye kwa nguzo ya usukani ya mashua za starehe. Nguzo hiyo ni bomba lililosimama nyuma ya mashua. Juu yake pana dira. Mbele ya mshika usukani pana gurudumu. Ubavuni pana mikono miwili, wa gia na wa mafuta. Ndani ya bomba hilo hilo unashuka mnyororo wa usukani uliounganishwa na kamba za waya, na pembeni yake zinashuka zile kebo mbili za injini.

Umeona? Viungo viwili vilivyowaangusha watu wa Lexington, cha usukani na cha injini, sasa vinakaa pamoja ndani ya bomba moja jembamba, na mwenye mashua anapendezwa na gurudumu linalong'aa juu yake.

KAZI YA KUBADILISHA

Mashua nyingi za namna hii, zile za faibaglasi, ziliundwa katika miaka ya 1960 na 1970, na nyingi bado zinaelea. Faibaglasi haiozi kama mbao. Kebo ndani yake ndiyo inayozeeka. Chumvi inaingia kwenye ncha, ganda la plastiki linapasuka, kiini kinashika kutu na kuvimba. Dalili huanza kwa unyonge: mkono wa gia unakuwa mzito, unanata katikati, au unacheza kidogo kabla injini haijaitika. Mwenye mashua anasema "imezoea hivyo." Anatia mafuta, inalainika siku mbili. Kebo nyingi za kisasa zimezibwa kiwandani hazikusudiwi kutiwa mafuta, na grisi isiyofaa huwa gundi baadaye.

Kisha inakuja siku ya kuingia gatini. Mashua ya tani tano au sita inakwenda mbele polepole, nahodha anavuta mkono nyuma ili kufunga breki kwa kurudisha rafadha. Mkono unakuja wote, mwepesi ajabu. Ndani ya nguzo waya umekatika, gia imebaki mbele. Anaongeza mafuta akidhani inarudi nyuma, kumbe anaisukuma mbele zaidi. Kwenye dizeli nyingi za zamani kuzima funguo hakuizimi injini. Lazima uvute kitasa kinachokata mafuta. Na kitasa hicho nacho, bwana, kinafanya kazi kwa waya.

Kuzibadilisha hakuhitaji maajabu. Dira hufunguliwa kwanza, maana imeziba mdomo wa nguzo. Pini za kwenye mikono hutolewa, na zile za kwenye injini na sanduku la gia. Kabla ya kuvuta, fundi mwenye akili hufunga uzi imara kwenye ncha ya kebo ya zamani, ili ikitoka upande mmoja iache uzi umepita njia nzima. Kebo mpya itaurudia uzi huo. Asiyefunga uzi atashinda chini ya sakafu na tochi mdomoni, akitafuta njia iliyojulikana na waliounda mashua peke yao.

Urefu hausomwi kwa kukadiria, kwa sababu kebo hizi haziuzwi za kukata. Mara nyingi ganda la zamani limechapwa namba yake, nayo huandikwa kabla ya kutupa chochote. Njia isiwe na kona kali. Kebo za ukubwa wa kawaida hutaka nafasi ya sentimita 20 hivi kuanzia katikati ya duara la kona. Pindo kali zaidi ya hapo ndiyo mahali pembamba pa kesho. Ndani ya nguzo kebo hufungwa mbali na mnyororo wa usukani, maana ikilegea ikasagwa na mnyororo, umeharibu viungo vyote viwili kwa mpigo. Wakati dira iko nje huangaliwa pia kamba za usukani zenyewe: hupanguswa kwa kitambaa, na nyuzi iliyokatika itanasa kitambaa kabla haijanasa kidole.

Mwisho ni kurekebisha. Mkono wa juu ukiwa katikati, mkono wa sanduku la gia nao uwe katikati kabisa, na kila upande ufike mwisho wake. Gia inayoingia nusu huteleza na kuunguza klachi. Jaribio la kwanza hufanywa mashua ikiwa imefungwa gatini kwa kamba imara, mbele kidogo, katikati, nyuma kidogo, mtu mmoja juu na mwingine chini akiangalia. Na kebo hubadilishwa zote mbili hata kama moja inaonekana nzima, kwa kuwa zimekaa umri mmoja katika chumvi ile ile.

WALIO CHINI YA SAKAFU

Wale tunaopenda kuandika tuna ugonjwa wa kumtazama aliyesimama juu. Nahodha ana kofia, ana sauti, ana tabia, riwaya inamtaka. Lakini ukiuliza kwa nini meli fulani iliokoka na nyingine ikaangamia, mara nyingi jibu halimo kwenye ushujaa wa nahodha. Manchester alifanya uamuzi sahihi usiku ule wa 1840. Aligeuza gurudumu upande unaotakiwa, kwa wakati unaotakiwa. Uamuzi wake haukufika, basi.

Ndiyo maana naona tumeuelewa nusu ule msemo wa wahenga. Tumedhani pembamba ni mahali panapoonekana pamekonda, ambapo mtu yeyote angepaona. Historia ya kiungo hiki inasema vingine. Kamba ya Lexington haikuwa imekonda, ilipita mahali moto ungeifikia. Kebo ya nguzoni kwa nje ni nene na nyeusi, imekondea ndani. Pembamba ni pale ambapo jicho halijafika kwa muda mrefu, na sheria ya 1838 inatuonyesha kwamba hata Bunge zima likipajua mahali hapo, bado lazima apatikane mtu mmoja wa kuinua mbao na kutazama.

Kazi yenyewe ni ya siku moja, ya spana mbili, uzi na kitambaa. Hakuna atakayempigia makofi aliyeifanya, kwa sababu siku ile mkono utakapovutwa nyuma, mashua itasimama hatua chache kabla ya gati kama inavyotakiwa, watu watateremka, na hakuna litakaloandikwa.